Kundi la kusoma nililolianzisha mwenyewe sasa linanielemea

Shikamoo Anti,

Nina miaka 22, niko mwaka wa pili wa shahada ya uchumi katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Nakuomba usikitaje chuo wala kunitaja mimi, maana nusu ya darasa letu wanakusoma.

Kidato cha tano na sita nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu) huko kwetu Rukwa, kwa hiyo nilipoanza chuo hesabu hazikunitisha. Kilichonitisha ni mji, Kiingereza cha mihadhara, na kutojua mtu. Ndipo nikakutana na dada mmoja wa Tanga aliyekuwa akitafuta mtu wa kuchangia naye chumba mtaa wa Changanyikiwa. Yeye alitoka HGE (historia, jiografia na uchumi), hesabu zake ziliishia kwenye BAM, zile hesabu za msingi za wasiochukua hesabu kamili. Tukaanza kusoma pamoja, tukawavuta wengine wawili, tukawa wanne. Kila mmoja anachukua mada yake, jioni tunakutana kimbwetani, kwenye zile meza za zege za kusomea nje, tunabishana mpaka mlinzi anakuja kutuondoa. Anti, ile ilikuwa raha. Mikro, ule uchumi wa mnunuzi, muuzaji na soko, niliielewa mpaka nikawa naiota.

Tena huyu dada ndiye aliyenibeba. Bumu la kwanza, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, lilipotoka, jina langu halikuwemo kwenye orodha. Alinilisha, akalipa luku, akanisogezea hadi sehemu yangu ya kodi. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja.

Mwaka huu kundi limevimba. Matokeo yalipotoka watu walisikia kwamba sisi wanne wote tumefaulu mikro vizuri, basi kila mtu akawa rafiki. Tumepita kumi na watano sasa, na wengine majina siyajui. Wiki za kawaida wanakuja watatu, wanne. Testi ikikaribia, kimbweta hakitoshi, watu wanasimama. Hawaji na swali. Wanakuja na simu, wanapiga picha ukurasa niliouandika, wanaondoka. Mikro na hesabu wananiachia mimi peke yangu, naeleza mpaka sauti inakauka. Makro, ule uchumi wa nchi nzima, hatuigusi, kila mtu anasema ataisoma mwenyewe. Siku tulipofundishwa bidhaa za umma na wadandiaji wanaofaidi bila kuchangia, nilicheka peke yangu darasani.

Mambo mawili yamenichosha kabisa. La kwanza, asaimenti ya hesabu: wenzangu wawili walikusanya kazi iliyofanana na yangu mpaka kwenye alama ya kutoa niliyoiweka mahali pasipo pake. Tuliitwa wote watatu, tukaonywa. La pili, nilikwenda steshenari kutoa kopi nikakuta madesa, yaani kopi za notsi, yanauzwa, kuangalia hivi ni mwandiko wangu! Aliyepeleka ni mmoja wa kundi letu.

Halafu testi ya makro imerudi. Mimi niliyezoea 17, 18, nimepata 10 kati ya 20.

Sasa kuna kundi la vipanga, wale wanaoongoza darasa, wako watano, wanasomea maktaba. Mmoja wao amenifuata akasema nafasi ipo, ila niachane na "ule mkutano wa hadhara" na nije peke yangu, nisilete msururu. Nataka kwenda, sitaki kudanganya. Lakini rafiki yangu mwaka jana alifanya sapu mbili (mitihani ya marudio) akaponea chupuchupu, na mwaka huu akiteleza anaweza kudisko, yaani kuondolewa chuo. Kinachonishangaza, tukiwa kimbwetani anaeleza vizuri, saa nyingine hata kunizidi, ila testi ikirudi ana 7. Nikimwacha nitamtazama vipi usiku tukiwa chumba kimoja?

Mama anasema kwenye simu, mtu aliyekupa chakula humgeuzii mgongo. Kaka anasema chuo si kikoba, kila mtu anatoka na cheti chake. Nimekwama katikati yao.

Mchovu wa Kimbwetani

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa sauti iliyokauka.

Umeniuliza kama ubaki na wenzako mwaka ukuharibikie, au uende kwa vipanga uonekane umemsahau aliyekulisha. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ambapo kundi na rafiki vinakuwa kitu kimoja, sijapaona. Umevifunga pamoja wewe, pengine kwa sababu vilianza siku moja. Hebu tuviachanishe kidogo tuone kila kimoja kinadai nini.

Nianze na ile 10 ya makro, maana naona ndiyo iliyokutoa usingizini. Unaihesabu kama bei unayolipa kwa ajili ya kundi. Inawezekana, muda wa kueleza mikro kwa watu kumi na tano ndio muda ambao ungekaa na makro. Lakini umesema mwenyewe kwamba makro hamuigusi. Mwaka jana mlipokuwa wanne kila mtu akishika mada, ingekuwa zamu ya mtu fulani kuileta makro, nawe ungekaa chini usikilize, uulize, ubishe. Mwaka huu katika kundi lako lote hakuna anayekufundisha wewe. Unaeleza yale unayoyajua tayari, na usiyoyajua yanakusubiri nyumbani usiku ukiwa umechoka. Hilo linaniuma zaidi kuliko hao wadandiaji, kwa sababu wadandiaji wakiondoka wote kesho, bado utakuwa mwalimu asiye na mwalimu.

Na hao wadandiaji tuwazungumze, maana ni somo lako. Mancur Olson, mchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1965 kwamba kundi likiwa kubwa, kila mmoja huona mchango wake hauna uzito na akikosekana hakuna atakayegundua, basi hukaa pembeni akisubiri matunda. Barua yako imeishia hapo. Mimi naomba uende mbele kidogo, kwa Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Yule mama aliwaendea watu wenyewe walipo: wavuvi, wakulima wanaogawana maji ya mifereji, wanavijiji wenye misitu na malisho ya pamoja. Alikuta wapo waliotunza mali yao vizazi na vizazi bila kugawana vipande na bila serikali kuwashikia fimbo. Waliofaulu walifanana kwa mambo kadhaa. Walijua nani yumo na nani hayumo. Kanuni walizitunga wenyewe, zikaendana na mazingira yao. Waliangaliana wao kwa wao. Aliyekosea hakufukuzwa siku ya kwanza. Alianza na onyo dogo, akirudia adhabu inapanda.

Sasa lipime kundi lako. Majina ya wengine huyajui. Kanuni hakuna, maana mlipokuwa wanne hamkuzihitaji, kuoneana haya kulitosha. Aliyeuza madesa hajaambiwa neno na mtu yeyote, nawe pia hujaniambia kama umemwambia. Kwa hiyo nasita kukubali kwamba watu hawa ni wabaya au wavivu. Baadhi ni wavivu, sawa, wapo kila mahali. Wengine wamekuta mlango uko wazi, chakula kiko mezani, hawakuambiwa kwamba kuna zamu ya kupika.

Kaka yako anasema chuo si kikoba. Mimi nasema laiti kundi lenu lingekuwa kikoba! Umewahi kuona kikoba ambacho mtu haonekani miezi yote, hanunui hisa, halafu siku ya kukopa anakuja na simu kupiga picha daftari? Wanawake wa mtaani kwangu wangemtoa kabla hajakaa.

Hisa ya kundi la kusoma ni nini basi? Kuna mwalimu wa hesabu anaitwa Uri Treisman. Miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijiuliza kwa nini wanafunzi weusi wengi waliofika na alama nzuri za sekondari walikuwa wakianguka kalkulasi, huku wenzao wenye asili ya China wakifaulu. Watu walikuwa na majibu yao ya haraka, familia, umaskini, maandalizi. Yeye akaenda kukaa nao waliposomea. Akakuta wale wa kwanza wanajituma sana, ila kila mtu kivyake. Masomo upande huu, marafiki upande ule. Wale wa pili kila mmoja alipambana na maswali peke yake kwanza, kisha wakakutana kulinganisha majibu, kukosoana, kuulizana umefikaje hapo. Treisman akaanzisha warsha, na hakuwapa maswali mepesi ya kuwaonea huruma. Aliwapa magumu wayakabili pamoja, na matokeo yakabadilika.

Kundi lako linakutana, lakini ile sehemu ya kwanza, ya kupambana peke yako, imefutika. Unaifanya wewe kwa niaba ya wote. Ukitaka kujaribu kulirekebisha kabla ya kulihama, mlango ni huo: mtu haingii kimbwetani bila karatasi yenye jaribio lake mwenyewe, hata kama amekosea kuanzia mstari wa pili. Aliyekosea mstari wa pili ana swali. Aliyekuja na simu hana. Mnaweza pia kugawanyika mkawa vikundi vya wanne wanne, na makro ikapata mwenyewe. Au mkamtafuta mtu wa mwaka wa tatu aliyekwisha kufaulu mikro awaongoze, ili wewe urudi kuwa mwanafunzi. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, walianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1973, na jambo moja walilolifanya kwa akili ni kulenga masomo yanayoangusha wengi, si watu wanaoanguka, kwa hiyo hakuna anayeona haya kuhudhuria.

Hatari yake unaijua. Siku utakayotangaza kanuni watasema unaringa, umeanza kujiona mhadhiri. Wengine watalihama kundi na huenda wakakununia mpaka mahafali. Na inawezekana ukatumia mwezi mzima kupanga watu badala ya kusoma, hapo utakuwa umeongeza kazi juu ya kazi. Muhula nao hausubiri.

Tuje kwa vipanga. Kutaka kwenda si usaliti, naomba hilo ulipumzikie. Ila nina maswali. Wewe umewaona wakisoma? Kuna makundi ya watu wanaojua sana ambayo hukaa kimya, kila mtu na kitabu chake, na ukiuliza swali la chini wanatazamana. Kuna mengine yanawaka moto. Hili lao ni lipi? Na wanakutaka kwa nini? Kama ni kwa sababu ya EGM yako, yaani hesabu, basi chunguza usije ukabadilisha ukumbi tu huku kazi ikiwa ileile. Sharti la kuachana na wenzako amelitoa mmoja. Sijui kama wote watano wamekaa wakalikubali. Waweza kuomba ukae nao jioni chache wakifanya makro, kabla ya kuahidi chochote. Wakikataa hata hilo, umejifunza kitu kuhusu wao. Na kama ni kushika pande zote mbili, hesabu na saa zako, pamoja na kurudi Changanyikiwa usiku. Mwili wako ni mmoja.

Sasa rafiki yako. Hapa nataka twende taratibu.

Mama yako ni mtu wa heshima na maneno yake ni ya kweli. Lakini dada huyu alikupa chakula, luku na kodi. Nani aliyesema deni hilo linalipwa kwa mikro? Yeye mwenyewe hajadai, umesema. Huenda analipwa tayari kwa kuwa na mtu wa kurudi naye nyumbani. Huenda pia anaona haya kila jioni akikutazama ukieleza jambo lilelile mara ya tatu kwa ajili yake. Hujui, wala mimi sijui, kwa sababu katika barua yako nzima kuna mama, kaka, kipanga na mwenye steshenari. Yeye hakuna mahali ulipomuuliza anataka nini.

Kisha kuna lile ulilolitaja ukapita haraka, nami naliona ni kubwa. Anaeleza vizuri kimbwetani, testi ikirudi ana 7. Kimbwetani mnaongea lugha gani? Nadhani Kiswahili, kama wanafunzi wengi wa mji huu. Mwulize mlinganyo wa Slutsky jioni: atakwambia bei ya mchele ikipanda, unahamia ugali kwa sababu mbili, kwanza mchele umekuwa ghali ukilinganisha na sembe, pili mfuko wako umekuwa mwepesi hata kama mshahara ni uleule. Safi kabisa, huo ndio uchumi wenyewe. Asubuhi anapewa karatasi ya Kiingereza, anatakiwa aandike hayohayo kwa Kiingereza, na aongeze milinganyo ambayo BAM haikumfikisha. Kama ni hivyo, mwanangu, rafiki yako haumwi pale ulipokuwa unampaka dawa. Wewe unarudia kumweleza, na kueleweshwa siyo anachokosa.

Jaribuni hili, wawili tu, chumbani. Mkimaliza kubishana kwa Kiswahili, fungeni madaftari, kila mmoja aandike aya moja ya jibu kwa Kiingereza kama yuko kwenye chumba cha mtihani, mbadilishane, msahihishane. Si lazima iwe ndefu. Nawe itakufaa, ulisema Kiingereza cha mihadhara kilikutisha ulipofika. Na ile milinganyo aifanye kwa mkono wake huku wewe umekaa pembeni, kalamu umeiweka chini. Hilo halihitaji kundi la watu kumi na tano. Hata ukienda kwa vipanga, mtaa ni uleule na chumba ni kilekile.

Lakini pia jiandae kwa jambo ambalo hupendi kuliwaza: unaweza kufanya yote hayo na bado akateleza. Yeye ni mtu mzima, kuna washauri wa wanafunzi chuoni na wahadhiri wenye saa za kuonana nao, na kuna juhudi ambayo ni yake peke yake. Ukibeba matokeo yake kama yako, mtaanza kuoneana hasira ndani ya chumba kimoja, na hapo ndipo urafiki huharibika kwa kweli.

(Mambo haya si mageni hapa Dar, kwa taarifa yako. Pale Mlimani, chuo kikuu cha hapa Dar, mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika ulioanzishwa mwaka 1967, walikuwa na madarasa yao wenyewe ya Jumapili, wanasoma na kubishana yale ambayo mihadhara haikuyagusa. Mwenyekiti wao alikuwa Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Uganda. Hawakusomea testi ya Jumatatu, walitaka tu kujua. Sikutumi ukafanye mapinduzi, soma uchumi wako.)

Liko jambo moja ambalo nisingependa ulisogeze mbele, nalo ni asaimenti. Mengine yote yanaweza kungoja ukitafakari. Vyuo vingi havitofautishi sana aliyenakili na aliyenakiliwa, na onyo mlilopata limeshaandikwa mahali. Karatasi utakayoikusanya isipigwe picha na mtu kabla haijafika kwa mwalimu, awe rafiki, awe nani. Kueleza njia ni sawa, eleza hata kwa mfano mwingine wenye namba nyingine. Atakayekasirika kwa hilo, mwache akasirike.

Na yule wa madesa, kabla hujalipeleka jambo lake mbele ya kundi, mwite peke yake. Mwambie umeuona mwandiko wako steshenari. Huenda atakana, huenda atacheka, huenda atakwambia bumu lilimwishia. Jibu lake litakusaidia kujua kama kundi hili lina watu wa kutungiana nao kanuni au halina. Ukishalipata, niandikie.